Ngata Kumi na Saba Mlangoni

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vichaka vya Mahomwe, Seth alimwagia maji sakafu ya darasa. Maji yenyewe yalikuwa kibuyu kimoja, hayazidi, na ilimbidi ayanyunyize kwa vidole ili vumbi lilale. Kisha alitandaza mchanga mweupe uliochotwa korongoni na kuusawazisha kwa kipande cha ubao, kwa maana vibao vya kuandikia vilikuwa sita tu. Wanafunzi wengine waliandika mchangani kwa kidole. Mwisho alivunja chaki vipande viwili, kimoja akakiweka juu ya mlango kwa ajili ya kesho. Shule ilikuwa tembe kama matembe mengine ya pale, ya fito na udongo, paa lake bapa, na chini kiasi kwamba mtu mrefu kama Seth alifundisha amepinda shingo.

Mahomwe ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Miyuji ukielekea kaskazini, kando ya njia iendayo Kondoa. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ya Wadachi ifike Dodoma. Seth alikuwa na miaka ishirini au karibu na hapo, Mgogo wa hapohapo, na elimu yake aliiokota vipande vipande: miaka miwili kwa wamisionari, ambako yeye na mama yake Loisi walibatizwa, mwaka mmoja kwenye shule ya boma, na miezi fulani kwa karani mmoja wa stesheni aliyependa kusomewa magazeti ya zamani. Baba yake alikwisha kufa akiamini kwamba mwanawe amekimbia ng'ombe ili akae kivulini.

Kitu alichokitaka Seth kilikuwa kimoja tu, kupelekwa shule ya walimu huko pwani. Sharti lake lilijulikana. Anayeomba lazima awe amesimama mbele ya wanafunzi misimu miwili ya kiangazi, akiwa mwalimu msaidizi, na darasa lisipungue watu ishirini hata siku moja. Kila mwisho wa msimu mkaguzi angekuja, aone kwa macho yake, aandike mstari mmoja kwenye hati. Mistari miwili mizuri, basi, gari moshi lingembeba Seth mpaka baharini.

Majina ya wanafunzi yaliletwa na jumbe, mkuu wa kijiji, maana akida wa serikali alikuwa ameamuru Mahomwe itoe watoto ishirini na wanne. Sasa, katika nchi ile mtoto aliye hai hatajwi ovyo wala hahesabiwi kwa sauti. Mzazi aliyemtaja mwanawe mbele ya mgeni mwenye kalamu alionekana kama amemtupa. Kwa hiyo jumbe alipopita na karani, nyumba kwa nyumba, kila mzazi alifikiri kidogo, akatazama mawingu, akataja jina ambalo haliwezi kudhurika tena.

Majina hayo hayakuwa ya kutafuta. Miaka mitatu nyuma wapagazi wa serikali walikimbia, na akida akawachukua watoto wakubwa wa Mahomwe, kumi na saba, wakabebe marobota ya waya wa simu mpaka Kondoa. Hawakurudi. Kwenye kitabu cha akida waliandikwa wamefika. Wazazi walipokwenda kuuliza walionyeshwa neno hilo, na kwa kuwa hawakujua kusoma, walionyeshwa mara mbili.

Basi karani aliandika majina kumi na saba ya watoto wale, na mengine saba ya watoto wa wageni wasio na miiko hiyo: mabinti wawili wa Abbasi, mchuuzi wa chumvi kutoka Kondoa, na watano wa watu waliobaki baada ya kazi ya reli.

Seth alipewa daftari asubuhi ya siku ya kwanza, akalipitia akiwa amesimama. Jina la tisa lilikuwa la mdogo wake, Chiponda. Aliyelitaja ni mama yao.

Mlangoni walikuwa wamesimama watoto saba, wamepakwa mafuta, wananukia samli. Seth alijua lililopo, lakini daftari ni daftari. Mkaguzi angeweza kumwuliza kwa nini ameruka majina. Alikohoa, akaanza kuita kama yalivyoandikwa.

"Mlewa."

"Nipo," ilijibu sauti kutoka upande wa njia ya Kondoa.

Alikuja kijana wa miaka kumi na mitatu, vumbi limempanda mpaka magotini, kichwani ana ngata, ile pete ya majani na matambara anayoiweka mpagazi chini ya mzigo. Akapita, akaingia, akakaa. Seth akatia alama. Akaita la pili, akaja wa pili. Walikuja mmoja mmoja kadiri walivyoitwa, kwa mstari, nafasi kati ya mtu na mtu ni ileile, kama wanavyotembea watu waliozoea mizigo. Alipofika jina la tisa Seth hakubadili sauti.

"Nipo, mwalimu," alisema Chiponda, akapita bila kugeuka.

Nje, kwenye ngozi ya ng'ombe, alikaa mwalimu mkuu, Bashiri, Mrangi wa Kondoa aliyesomea pwani. Alikuwa anashona kiatu chake cha ngozi. Aliwahesabu kwa macho mpaka wa mwisho.

"Ishirini na wanne," alisema. "Una bahati, we Seth. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na watoto kumi na mmoja na mbuzi."

"Mwalimu Bashiri, hawa kumi na saba..."

"Nimewaona. Wameandikwa?"

"Wameandikwa."

"Wameitika?"

"Wameitika."

"Basi wafundishe. Ninyi Wagogo mkiulizwa mna watoto wangapi mnatazama mawingu, haya sasa, mawingu yamejibu." Akakata uzi kwa meno. "Na waambie wavue hizo ngata. Darasani si gulioni."

Seth akawaambia. Walitoka, wakazipanga ngata zao kando ya mlango, moja baada ya moja, wakarudi kukaa. Tangu siku hiyo kila asubuhi ngata kumi na saba zilikaa mlangoni, na kila adhuhuri wenyewe walizichukua, wakazivaa, wakaondoka kwa njia ya Kondoa.

Mwezi wa kwanza Seth alifundisha vibaya. Alizungumza na ubao badala ya watu. Aliita jina kwanza ndipo akauliza swali, ikawa wengine wote wanalala. Bashiri alikuwa akimkosoa kutoka nje bila kuinuka kwenye ngozi yake: "Uliza kwanza! Uliza, halafu nyamaza, waache wote waogope, ndipo uite mmoja!" Seth akajifunza. Akajifunza pia kwamba mtoto anayetazama nje hajakosa adabu, bali ameona ng'ombe wa kwao akipita. Kwamba hesabu ya mbuzi inaeleweka upesi kuliko hesabu ya machungwa ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Na kwamba mwalimu akikasirika asubuhi hatabakiwa na kitu cha kutumia adhuhuri.

Wale kumi na saba walikuwa wanafunzi wazuri. Hawakuomba ruhusa ya kwenda nje, wala hawakusinzia. Walijibu polepole, kana kwamba jibu linatoka kisimani, lakini likifika lilikuwa sahihi. Walipoandika mchangani maandishi yao yalikuwa na mistari myembamba sana, na upepo ukiingia yalikuwa ya mwisho kufutika. Shida ilitokea mwezi wa Oktoba, joto la Ugogo lilipoanza kupasua ardhi. Mwili wa aliyekufa una ubaridi wake, nao watoto wa wageni waligundua mapema.

"Mwalimu, Tabu amenisukuma," alilia Swaumu, binti mkubwa wa Abbasi. "Hapa kwa Mlewa ni mahali pangu tangu jana."

"Mwongo!" alisema Tabu, mdogo wake. "Jana ulikaa kwa Nhonya, ukasema Nhonya ana baridi zaidi."

"Mwalimu, waambie wakae kwa zamu," alisema Mlewa. "Wananibana."

Seth akaweka zamu, akaiandika ubaoni. Bashiri alitikisa kichwa, akasema hilo pwani hawakumfundisha.

Mama yake Seth alikuwa na swali moja, na aliliuliza kila jioni akisonga ugali wa uwele.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Amekaa wapi?"

"Mstari wa tatu."

Alimpa Seth kibuyu kidogo cha maziwa ampelekee. Seth alikiweka mbele ya Chiponda, na adhuhuri alikirudisha nyumbani. Maziwa yalikuwa yamejaa vilevile ila hayana ladha tena, kama maji yaliyotiwa chokaa. Loisi aliyaonja, akaridhika, akawapa ndama.

Siku moja, wengine wakiwa wanavaa ngata zao, Seth alimwita mdogo wake pembeni.

"Mama anauliza kama utapita nyumbani."

"Njia yetu haipiti huko, mwalimu."

"Mimi ni kaka yako."

"Uko kazini," Chiponda alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka, pengo la meno mawili ya chini likaonekana, yale yaliyong'olewa kwa desturi mwaka uleule aliochukuliwa. "Shingo yako imepinda kama ya mbuni. Utafika pwani hivyo?"

"Nikifika nitainyoosha."

"Basi fika," alisema Chiponda, akaushika mstari.

Mkaguzi alikuja mwisho wa Novemba, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya bila kutoa kitu. Alikuwa Mdachi mwembamba mwenye kikohozi, mtu mpole, na Kiswahili chake kilinyooka kwa kuwa alikisoma kitabuni. Akida alifuatana naye juu ya punda. Wapagazi wao walikuwa wamewatoroka tangu Miyuji, na mizigo ililetwa na watu wa Miyuji walioapa kwamba hawavuki Mahomwe. Wakaitua chini ya mti mmoja wa miiba kando ya njia na kuondoka bila kuaga.

Mkaguzi alisikiliza kusoma, akasikiliza hesabu. Kisha akatoa kazi ya kuandika. Kila mwanafunzi aeleze safari moja aliyowahi kusafiri. Waliopata vibao waliandika kwenye vibao, waliobaki wakainamia mchanga. Mkaguzi alivua kofia na kwenda mtu kwa mtu, mikono nyuma, akisoma.

Swaumu aliandika jinsi alivyokuja kutoka Kondoa juu ya punda wa chumvi, punda akaanguka. Mkaguzi akatabasamu. Akasogea kwa Mlewa. Mlewa alikuwa ameandika: *Tulibeba waya. Kisima cha kwanza kilikuwa na mchanga. Kisima cha pili kilikuwa na mchanga. Maji yalikuwepo kwenye pipa, yalikuwa ya punda wa msimamizi. Kisima cha tatu hatukukiona.* Mkaguzi akasoma mpaka mwisho, akasogea kwa Nhonya. Nhonya alikuwa ameandika: *Tulibeba waya. Kisima cha kwanza kilikuwa na mchanga.* Akaenda kwa wa tatu, akaenda kwa wa nne. Chiponda alikuwa ameongeza kitu, kwamba waliomba wateremshe mizigo wapumzike na msimamizi akasema waya ukilala chini utapata kutu.

Mkaguzi aliposoma ya kumi na saba alinyooka, akamtazama Seth kwa huzuni.

"Wameigana," alisema.

"Hawakuigana, bwana."

"Insha kumi na saba, visima vitatu katika kila moja. Mwandiko ni mzuri, lugha ni safi. Lakini wameigana, nami lazima nipunguze alama."

"Walikuwa safari moja, bwana," alisema Bashiri kutoka mlangoni.

Mkaguzi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki katika mambo ya alama. "Safari moja," alisema. "Basi, sipunguzi." Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akida alikuwa amesimama nyuma yake akijipepea tu, maana hakujua kusoma hata yeye.

"Limebaki jambo moja," alisema Mkaguzi. "Sauti. Mwalimu asiyesikika si mwalimu. Watoe nje, uwaite kwa majina, nami nitasimama kule kwenye mizigo nikusikie."

Seth aliwatoa kwa mstari. Akasimama mbele ya tembe, kwa mara ya kwanza siku hiyo shingo imenyooka, akafungua daftari. Alikuwa ameingoja saa hiyo tangu Juni. Akaita kwa sauti aliyoijenga msimu mzima, sauti inayotoka tumboni, kila jina likiwa zima kama kikombe kisicho na ufa. Wale saba waliitika. Wale kumi na saba waliitika, na kila aliyeitika alipiga hatua mbele. Ng'ombe waliokuwa mbali waliinua vichwa.

"Vizuri sana," alisema Mkaguzi kutoka kule kwenye mizigo. Akamgeukia akida. "Hawa wakubwa. Ni wangapi?"

"Kumi na saba, bwana. Njia hii wanaijua."

Mizigo nayo ilikuwa kumi na saba. Akida aliwaonyesha kwa fimbo, na watoto walikwenda pale palipoonyeshwa, maana waliitwa na wakaitika, mstari ulikuwa umekwisha kuanza na mguu wa kwanza ulikuwa umekwisha kuinuliwa. Hema, vitanda, viti, masanduku ya vitabu, debe la mafuta ya taa. Chiponda alipewa beseni la kuogea, la bati, pana kama ungo wa kupepetea mtama.

"Bwana," alisema Seth, "hawa ni wanafunzi."

"Ni wanafunzi wazuri," alisema Mkaguzi. "Msimu umekwisha leo. Nimekuandikia." Akampa hati. Mstari wa kwanza ulikuwa umejazwa, wino haujakauka: *Nidhamu nzuri sana. Sauti inasikika.*

Waliondoka kwa njia ya Kondoa, nafasi kati ya mtu na mtu ni ileile. Seth alisimama akipunga hati ili ikauke. Alipogeuka kuingia darasani alizikuta ngata kumi na saba kando ya mlango, zimepangwa kama zilivyopangwa asubuhi.

Akina mama walikuja jioni. Habari ilishafika, hakuna aliyepiga yowe. Walisimama wakizitazama ngata, na kila mmoja aliitambua ya kwake kwa namna majani yalivyosukwa.

"Wamekwenda bila ngata?" Loisi aliuliza.

"Niliwatoa kwa mstari, mama. Zilibaki."

"Nani aliwaita?"

"Mimi."

"Alibeba nini?"

"Beseni la kuogea."

Loisi aliiokota ngata ya Chiponda, akaikung'uta vumbi.

"Ukingo wake ni mkali?"

"Umekunjwa," alisema Seth. "Lakini ni bati."

Mvua zilinyesha, watu wakalima. Bashiri alipata habari kutoka kwa ndugu yake wa Kondoa kwamba mizigo ya Mkaguzi ilifika yote, hata beseni, na kwamba kwenye kitabu wapagazi waliandikwa wamefika. Jinsi walivyorudi, au kama walirudi, kitabu hakikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Kiangazi kilipoingia jumbe alipita tena na karani. Wazazi walitazama mawingu. Kila mmoja alikuwa na watoto wengine nyumbani, wenye kupumua, wenye kuchunga, na jina la kutoa lilikuwa lilelile. Loisi aliyatazama mawingu muda mrefu kuliko wengine. Mlangoni, nyuma yake, alikuwa amesimama mtoto wa dada yake, wa miaka saba, aliyekuja kuishi naye. Karani alichovya kalamu. Loisi akasema, "Chiponda," akaingia ndani.

Siku ya kwanza Seth aliita, na walikuja, ila walichelewa, kwa kuwa safari hii walitoka mbali zaidi. Vumbi lilikuwa limewapanda mpaka kiunoni. Juu ya paji la uso la Chiponda palikuwa na alama ya upinde, si lile duara la chale alilochanjwa utotoni, bali nyingine, kubwa, inayolingana na ukingo wa beseni.

"Ulifika," Seth alimwambia.

"Tulifika. Mkaguzi aliogea mara mbili njiani." Chiponda alizitazama ngata, ambazo Seth alikuwa amezihifadhi na kuzirundika pembeni, akaichukua yake. "Niiweke mlangoni?"

"Kaa nayo."

Bashiri alichungulia kutoka kwenye ngozi yake. "Nilisema darasani si gulioni."

"Nimebadili kanuni, mwalimu. Hapa ngata inakaa kichwani au mkononi. Haikai mlangoni."

"Mkaguzi ataandika."

"Aandike."

Bashiri alimtazama kijana huyo, kisha akaitazama njia iendayo kwao. "Haya," alisema. "Darasa lako."

Msimu huo Seth alifundisha vizuri kuliko ule wa kwanza. Bashiri mwenyewe alisema hivyo, naye hakuwa mtu wa kusifu. Lakini aliita majina kwa sauti ya chini, ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa, ili isitoke nje ya kuta. Wanafunzi walisogea mbele wasikie. Na kila siku, baada ya hesabu, aliwafundisha somo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Akikuita mtu mwingine, mwenye daftari, asiye mimi. Utafanya nini?"

"Tutaitika," walisema wote.

"Hapana. Kwanza mtauliza. Semeni: unaniitia nini?"

"Unaniitia nini?"

"Tena."

Walirudia msimu mzima. Haikuwa rahisi, maana alikuwa amewafundisha kuitika mwaka mmoja uliopita na alikuwa amefundisha vizuri. Mlewa ndiye aliyeshika upesi. Swaumu na Tabu walishika hata kupita kiasi. Abbasi alilalamika kwamba mabinti zake hawatumwi tena maji bila mahojiano.

Mkaguzi alirudi Novemba na kikohozi chake na akida wake, na mizigo ilituliwa palepale chini ya mti wa miiba. Alifurahi kuwaona. Alimkumbuka Mlewa kwa mwandiko. Kuhusu ngata darasani aliuliza, akajibiwa kwamba ni kanuni ya shule, akaandika.

"Sasa sauti," alisema. "Kama mwaka jana."

Seth aliwatoa nje kwa mstari, akafungua daftari, akaita. Mlewa, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, alisikia. Mkaguzi kule kwenye mizigo hakusikia.

"Zaidi," alisema Mkaguzi.

Seth aliita tena kwa sauti ileile. Hati ilikuwa nje pale kwenye meza ya safari ya Mkaguzi, chini ya jiwe ili upepo usiichukue, mstari wa pili mweupe. Kila mtu aliyekuwepo aliijua hati hiyo. Loisi alikuwa amesimama njiani na akina mama wengine, naye aliijua.

"Zaidi, kijana! Unaumwa?"

"Siumwi, bwana."

"Basi ita."

"Nimeita, bwana. Wamesikia wanaopaswa kusikia."

Mkaguzi alikuja bila hasira, akakohoa, akalichukua daftari. Alipiga kifua mara moja, akasoma kwa sauti nzuri iliyokwenda mpaka korongoni.

"Mlewa!"

Mlewa alisimama wima. Alimtazama Seth, kisha akamtazama Mkaguzi.

"Unaniitia nini, bwana?"

Akida alishusha fimbo yake kwa mshangao. Mkaguzi naye alifikiri kidogo, akaona ni swali halali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akalijibu.

"Mzigo," alisema.

Mlewa alimgeukia Seth tena. Swali lilikuwa limeulizwa na limejibiwa, na Seth hakuwa amewafundisha swali la pili.

"Nipo," alisema Mlewa, akapiga hatua mbele.

Nhonya aliuliza, akajibiwa, akapiga hatua mbele. Kila mmoja aliuliza kwa matamshi safi, na Mkaguzi aliwajibu wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, bila kuchoka. Chiponda alipojibiwa alisema, "Beseni?" na Mkaguzi akasema ndiyo, beseni.

Kisha alikaa mezani akajaza mstari wa pili. *Sauti haisikiki. Wanafunzi huuliza maswali. Uzoefu wa darasa bado haujatosha. Aanze misimu yake upya.* Alimpa Seth mkono, akamwambia asikate tamaa, ana miaka mingi mbele. Seth aliikunja hati, akaitia ndani ya daftari.

Walibeba. Loisi alisimama ukingoni mwa njia, na walipopita aliwatazama vichwani, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi na saba, akitikisa kichwa kidogo kwa kila mmoja. Safari hii hakuna aliyekwenda bila ngata.

Vumbi lao lilipotulia Seth aliingia darasani, akapinda shingo. Insha za mwaka huo zilikuwa bado mchangani, visima vitatu katika kila moja. Alizisoma zote kabla ya kuzisawazisha kwa ubao. Kisha alivunja chaki vipande viwili, kimoja akakiweka juu ya mlango, akakaa kwenye mstari wa tatu, mahali palipokuwa bado na ubaridi, akaanza kufikiria swali la pili.